Risiti ya safari ipige picha palepale
Wadau mnaosafiri kikazi, ukitoka Dar kwenda Dodoma au Mbeya risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) ya lodge au mafuta usiitupie tu kwenye waleti ukasubiri mwisho wa mwezi ndo udai hela yako kazini, ile karatasi inafifia kwa joto, mimi ilinikuta nikabaki na karatasi nyeupe mhasibu akakataa na laki na themanini yangu ikaenda, iliniuma sana. Ipige picha hapohapo kaunta, tarehe na kiasi visomeke, jitumie wasapu. Boda na bajaji lipa kwa simu meseji ya muamala ibaki, andika na ulikotoka na ulikoenda. Na kabla hujaondoka uliza posho imejumuisha malazi au yanarudishwa kwa risiti, hapo ndo wengi wanaumia.