Kabla Hujamleta Pug Nyumbani, Msikilize Anavyopumua

Nina pug, yule mbwa mdogo wa uso bapa, jina lake Bonge, tunaishi Tabata ghorofa ya pili. Mtu akiniuliza bei ya pug, mimi namuuliza kwanza: mchana nyumbani kwako anabaki nani?

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Sasa pug uso wamemfupisha, lakini nyama za ndani hazikupungua: matundu ya pua yamebana, na kaakaa laini nyuma ya kinywa linaning'inia njiani mwa hewa. Ule mkoromo watu wanaouchekea ndiyo hiyo tabu yenyewe. Uholanzi wamekataza kabisa kuzalisha mbwa wenye pua fupi kupita kiasi.

Kwa hiyo ukienda kwa muuzaji, usikubali kuletewa mtoto kwenye kikapu. Omba kumwona mama yake. Mwache atembee uani dakika chache, kisha tega sikio. Akikoroma naye yuko macho, au matundu ya pua yakiwa kama mstari wa kalamu, aga uondoke, hata watoto wakilia.

Mimi sikujua hayo. Februari moja umeme ulikatika saa saba mchana, feni ikazima, na madirisha nilikuwa nimefunga kwa kuogopa vumbi. Niliporudi nilimkuta Bonge amelala ubavu, ulimi wa zambarau. Nilimmwagia maji ya bomba tumboni na miguuni huku nampepea kwa mfuniko wa ndoo, kisha bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo. (Taulo lililolowa usimfunike nalo, linafungia joto.) Kipimo kilisoma nyuzi 41, kawaida ya mbwa ni 38 na kitu. Tangu siku hiyo madirisha yana wavu na hayafungwi, na dada wa kazi anajua ndoo ilipo. Matembezi ni saa kumi na mbili asubuhi au baada ya magharibi, na kamba inafungwa kifuani, shingoni hapana.

Unene nao unambana pumzi. Pug mzima ni kilo 6 hadi 8. Bonge alifika 11, kwa sababu kila mtu nyumbani alimpa tonge la ugali na dagaa kwa siri. Tulikuwa tunampima kwenye mizani ya duka la nafaka, mwenye duka akicheka kila mara.

Mikunjo ya uso ifute kila siku kwa pamba yenye maji, halafu ikaushe vizuri, la sivyo inanuka na kuota vidonda. Macho yametokeza mno, kucha moja ya paka inatosha kuyaharibu. Manyoya yanapukutika mwaka mzima. Nguo nyeusi sahau.

Kabla ya yote, ongea na mwenye nyumba na majirani. Jirani yangu wa mlango wa pili ni Mwislamu, na mate ya mbwa kwake ni najisi. Tulikubaliana Bonge asipite kwenye ngazi bila kamba, na kibarazani kwake asikanyage. Tunasalimiana vizuri.

Na kama kazi yako ni ya kuhamishwa mikoani, fahamu kuwa mashirika mengi ya ndege hayapokei mbwa wa pua fupi kwenye sehemu ya mizigo. Nilipopangiwa Mwanza, Bonge alibaki kwa mdogo wangu miezi minane.