Kutaili shawa mwenyewe, na pale penye kuvujisha

Juzi tumemaliza shawa ya khalati yangu kule Kisauni, mimi na mwanawe, wikendi tatu. Hili ni bafu la nne natia taili kwa mkono wangu na kila mtu ananiuliza taili gani nzuri, hakuna anayeuliza chini ya taili kuna nini, kwa hiyo naandika.

1. Kubomoa. Funga maji, kama kuna shawa ya umeme zima swichi kubwa kabisa, ziba tundu la maji kwa tambara vifusi visiingie, halafu tindo na nyundo. Vaa miwani.

2. Plasta. Mchanga uwe wa mto, si wa ufuoni, na maji ya kukorogea yawe ya mfereji. Visima vyetu vingi hapa Mombasa vina chumvi, na chumvi hiyo baadaye hutoka ukutani kama unga mweupe. Nunua hata mitungi kumi ya maji tamu, ni rahisi kuliko kurudia. Plasta yenyewe imwagilie maji, iache wiki nzima.

3. Mteremko na dawa ya kuzuia maji. Hapa nakuomba usikimbie. Taili zenyewe hazina neno, lakini grauti, ile ya kujazia nafasi kati ya taili, inanyonya maji, kwa hiyo kila ukioga kuna maji kidogo yanapita chini, na kama chini hakuna kitu cha kuyazuia yatatafuta ukuta. Bafu langu la kwanza sikujua haya, nikaamini taili zikishabana basi, miezi michache rangi ya chumba cha kulala upande wa pili ikaanza kuvimba na kubanduka, nikavunja taili nzima nzima ambazo nilikuwa nimezilipia. Iliniuma sana.

Sasa nafanya hivi. Sakafu iteremke kuelekea tundu kama sentimita 2 kwa kila mita, pima kutoka kila kona, si upande mmoja tu, na umwage kopo la maji uone yanakimbilia wapi, yakituama mahali rekebisha sasa hivi maana gundi ya taili si ya kusawazishia sakafu. Ikishakauka, pembe zote, pale sakafu inapokutana na ukuta, na kuzunguka tundu na mabomba, paka dawa, bandika kitambaa chake, paka tena juu. Halafu sakafu yote na kuta za shawa mpaka juu ya kichwa cha shawa, mikono miwili, yaani upake mara mbili, wa pili ukate wa kwanza, yaani kama wa kwanza ulipaka kwenda juu huu upake kwenda kando. Unyevu wa pwani huchelewesha kukauka, ukigusa na bado inanata ngoja, hata kama mkebe umeandika masaa machache.

Kisha jaribio. Ziba tundu, jaza maji sentimita chache, weka ndani beseni la maji, tia alama ya penseli kwenye ukuta na kwenye beseni, uache masaa 24. Beseni ni kwa sababu ya joto, maji hupungua yenyewe kidogo, lakini ya sakafuni yakishuka kuliko ya beseni basi unavuja, tafuta wapi. Khalati alitaka tuendelee siku hiyohiyo, nikakataa, na kweli pembe moja ilikuwa inavuja.

4. Taili. Gundi ya mfuko, si simiti tupu, na mwiko wa meno. Koroga kidogo kidogo, asubuhi, jua likipanda gundi hushika kabla hujabandika. Taili usiziloweke, kuloweka ni kwa wanaobandika na simiti. Ukutani anza safu ya pili juu ya ubao ulionyooka, ya chini ukate mwisho. Bandika tatu nne kisha ubandue moja utazame nyuma, kama gundi haijajaa ongeza. Sakafuni chukua ndogo zisizoteleza, kubwa hazifuati mteremko. Kukata, mashine ya mkono, grainda ni ya matundu tu.

5. Grauti kesho yake, futa na sponji yenye unyevu kidogo. Pembeni usitie grauti, tia silikoni, kuta husogea na grauti ya pembeni hupasuka. Iache siku moja kabla hamjaoga.