Kuvua kwa mtumbwi pwani ukitokea Nairobi: anza na mwezi, mshipi utakuja baadaye

Wengi wetu hapa Nairobi tukiamua kujifunza kuvua tunaanza na kununua vitu, fimbo, riili, ndoana za kila saizi, halafu tunatafuta wikendi yenye hatuko kazi na tunapanda treni pale Syokimau. Mimi nilifanya hivyo. Nilifika upande wa Kilifi Ijumaa usiku, mbalamwezi imejaa, nikaona ni bahati, nikamwambia nahodha tutoke saa tatu asubuhi nikishakunywa chai. Saa tatu na nusu tuko ufuoni na mtumbwi umekaa juu ya mchanga, maji yameenda mbali huko, watu wanatembea kwa miguu penye nilidhani tutapiga kasia. Mzee hakunigombeza, aliniambia tu, "Mwanangu, hii ni bamvua, ungeniuliza kabla hujakata tiketi."

Basi wewe uliza kabla hujakata tiketi. Na hata bila kuuliza unaweza kujua ukiwa hapa hapa mtaani, inua macho uangalie mwezi.

Iko hivi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, hapo na siku moja mbili zinazofuata, ndio bamvua, maji yanajaa sana na yanapwa sana, tofauti ya juu na chini inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, tena ongeza siku moja hivi, ndio maji mafu, yanapanda na kushuka kidogo tu, kama mita 1. Sasa kitu ya kushika ni saa, kwa sababu pwani yetu saa za bamvua hazibadiliki sana: maji yanajaa kwenye saa kumi au kumi na moja alfajiri, yanapwa kabisa saa nne au saa tano asubuhi, halafu yanarudi kujaa jioni. Maji mafu ni kinyume, yamepwa alfajiri na yanajaa hadi saa nne, saa tano asubuhi. Kila siku inayopita saa zinasogea mbele karibu dakika 50. Ukijua hiyo unaweza kukaa kwa matatu ya kutoka kazini ukapiga hesabu ya Jumamosi ijayo kichwani, halafu uthibitishe kwa jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, liko kwa simu.

Kwa mtu anayeanza mimi nasema nenda siku mbili tatu baada ya mwezi nusu. Mkondo bado ni mpole, chubwi lako, kile kizito cha kuzamisha uzi, litakaa chini badala ya kubebwa, na asubuhi yote maji yanajaa, kwa hivyo hamtakwama juu ya mchanga. Wakati wa bamvua samaki wanakula vizuri pia, wengine watakwambia wanakula zaidi, lakini mkondo unakimbia na mkono ambao haujazoea hausikii kitu. Na usiende kutafuta maji yametulia kabisa, ile saa yamesimama kabla ya kugeuka. Watu wanapenda hiyo saa kwa sababu ni raha kukaa, lakini samaki naye anapumzika. Anakula maji yakitembea kwa sababu maji ndio yanamletea chakula, anakaa mahali pamoja mdomo ukiangalia mkondo na anangojea.

Msimu pia uangalie. Upepo wa kaskazi, kwenye Desemba hadi Machi, bahari inatulia na mtumbwi mdogo unatoka vizuri. Kusi inaanza kwenye Aprili, na ikichacha katikati ya mwaka hata wavuvi wenyewe wengi wanabaki upande wa ndani wa mwamba, karibu na ufuo, mgeni hana biashara nje huko. Idara ya hali ya hewa iko hapa hapa kwetu Dagoretti Corner na inatoa ilani ya upepo mkali na mawimbi makubwa ya pwani, isome siku mbili kabla. Wakisema kubaya, ahirisha, tiketi ni pesa kidogo.

Kabla ya safari kuna zoezi moja la Nairobi ambalo lilinisaidia kuliko kila kitu nilichonunua. Nenda City Market pale Muindi Mbingu, upande wa samaki, asubuhi, uwaombe wauzaji kwa heshima wakuonyeshe samaki wa bahari wazima, na usiangalie minofu, angalia midomo. Tewa ana mdomo mpana kama mfuko, huyo anameza kitu nzima, mpe kipande kikubwa cha ngisi na ndoana kubwa. Changu ana midomo minene na meno ya kusaga kaa na konokono, anapenda chambo kigumu kigumu, pweza au kamba au kaa mdogo. Tafi ana kamdomo kadogo, anakula majani, kwa hivyo usishinde siku nzima ukimngojea kwa ndoana, watu wanamtega kwa malema, ile mitego ya kusukwa. Pono ana mdomo kama wa kasuku, anaguguna mwamba. Kolekole angalia mkia, uma mwembamba mgumu, huyo ni mkimbiaji, anafukuza vidagaa karibu na juu. Ukitoka hapo unajua nani anakaa wapi na anataka nini, na muuzaji ukinunua hata changu mmoja atakufunulia tumbo uone alikuwa amekula nini jana.

Vifaa ni vichache. Acha fimbo kwanza. Mshipi wa mkono, mita 100 za uzi wa nailoni mnene wa kubeba kilo 20 au 25, uzungushe kwa chupa ya plastiki au kipande cha mbao. Mnene si kwa sababu ya samaki wakubwa, ni kwa sababu mwembamba unakata vidole. Chubwi mbili tatu za uzito tofauti, ndoana kumi, kisu, koleo ndogo ya kutoa ndoana, glavu. Chubwi ulifunge kwa kipande cha uzi mwembamba kuliko mshipi wenyewe, likinasa kwa mwamba unavuta unapoteza chubwi peke yake, ndoana na samaki vinabaki. Fundo jifunze moja tu: pitisha uzi kwa tundu la ndoana, uuzungushie wenyewe mara tano, rudisha ncha kwenye kile kitanzi kilicho karibu na tundu, lowesha kwa mate, vuta polepole. Mimi nilikuwa nafanya stima ikipotea, gizani, kwa sababu saa kumi na mbili kasorobo ndani ya mtumbwi utalifunga bila kuona vizuri hivyo hivyo.

Sasa kutafuta samaki, na hapa ndio watu wanaharibu. Bahari si sahani ya supu yenye nyama imesambaa kila mahali. Sehemu kubwa ni mchanga mtupu. Samaki wanakaa kwenye mipaka, penye kitu kimoja kinaishia na kingine kinaanza: mwamba ukiisha mchanga uanze, majani yakiisha, kina kifupi kikikatika kuwa kilindi, maji ya mto yakikutana na ya chumvi, mlango wa mwamba penye maji yote ya ndani yanapita kutoka na kuingia. Mdomo wa mlango maji yakianza kupwa ni mahali pazuri sana, vidagaa vinabebwa nje na kolekole wanajua.

Utaiona mipaka kwa rangi. Jua likiwa juu kidogo na nyuma yako, vaa ile miwani inayokata mng'ao, simama kama nahodha amekuruhusu. Weupe na kijani hafifu ni mchanga, madoa meusi meusi ni mwamba au majani, bluu nzito ni kilindi. Usiende katikati ya doa, nenda ukingoni. Halafu tazama ndege, membe wakipiga mbizi mahali pamoja kuna vidagaa vinasukumwa juu na mkubwa yuko chini, msogelee kwa pembeni, ukipita katikati unawatawanya.

Penye maji hayaonyeshi kitu, pima. Funga alama kwa mshipi kila pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, karibu mita 2, ukiteremsha chubwi unahesabu. Paka sabuni ya kipande chini ya chubwi kabla ya kulishusha, likirudi na chembe za mchanga umejua ni mchanga, likirudi safi na limekwaruzwa ni mwamba. Ni mbinu ya mabaharia wa zamani sana na bado inafanya kazi bila betri. Ukitoka mita 6 ghafla ukapata 11, simama hapo hapo, huo ni ukingo.

Ukipata mahali pametoa samaki, pashike. Nahodha wangu hana mashine yoyote. Anatafuta vitu viwili nchi kavu vilivyopangana, mfano mbuyu umekaa sawa na kona ya paa la mabati nyuma yake, halafu upande mwingine anatafuta viwili vingine, na penye mistari hiyo miwili inakutana ndio nyumbani kwa changu wake. Wewe unaweza kubonyeza alama kwa ramani ya simu, GPS haihitaji bando, lakini jifunze na hiyo ya mbuyu kwa sababu simu huloa. Na tafadhali, mahali pa mzee ni shamba lake, usiposti.

Nanga itupwe kwenye mchanga, upande mkondo unakotokea, halafu mwache kamba mrudi nyuma mpaka mkae juu ya ukingo. Ikitupwa juu ya tumbawe inavunja nyumba ya wale wale mnawatafuta. Kamba iwe mara tatu ya kina au zaidi.

Shusha mshipi polepole hadi usikie chubwi limegonga, vuta juu dhiraa moja, ulaze uzi juu ya kidole cha shahada, utulie. Vidude vidogo vitadonoa tik tik tik, usivute. Changu anagonga mara mbili kwa nguvu, gonga ya pili inua mkono kwa kasi, usiurushe, inua tu, na uendelee kuvuta bila kulegeza. Tewa ni tofauti, unasikia uzito tu kama umenasa, hapo vuta mita mbili za kwanza kwa nguvu zote kwa sababu akirudi shimoni atatanua mapezi na hatoki. Kolekole mwache akimbie, uzi upite kwa glavu, na usiuzungushe mkononi kamwe, hata mara moja. Nilimwona kijana amekatwa kiganja hivyo, na tulikuwa saa nzima mbali na ufuo. Dakika 20 bila kuguswa, badilisha chambo. Nusu saa, hama.

Jaketi la kuokoa maisha livaliwe, lisikaliwe. Mwambie mtu aliyebaki ufuoni mnaenda wapi na mnarudi saa ngapi, beba maji ya kutosha na kofia, na mrudi kabla upepo wa mchana haujaamka. Kabla ya yote pitia ofisi ya BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, pale diko mitumbwi inapofikia, watakwambia nahodha gani mtumbwi wake umeandikishwa na mgeni anahitaji kibali gani. Ndani ya mbuga za baharini kama Watamu, Malindi, Mombasa na Kisite hakuvuliwi kabisa, mipaka muulize nahodha maana majini hakuna ua. Bunduki ya samaki na juya, ule wavu wa kukokota, vimepigwa marufuku, mtu akikualika huko kataa.

Samaki akiingia, jua ni nani kabla hujamshika. Miiba ya tafi ina sumu na inauma vibaya, ikikuchoma tumbukiza mkono kwa maji moto kiasi unachovumilia, nusu saa au zaidi. Bunju, yule anayejijaza kama mpira, mrudishe majini, sumu yake haiishi kwa kupikwa na imeua watu. Wadogo nao warudishe wakiwa hai. Wa kula wapasue matumbo mapema, toa matamvua, walaze kwa barafu nyingi iliyopondwa, usiwaweke kwa gunia juani, ukifanya hivyo Nairobi watafika wamelegea.

Jioni kabla hujalala, andika kwa kijitabu: tarehe, mwezi ulikuwa wa ngapi, maji yalikuwa yanajaa au yanapwa, kina, chambo, na saa kila samaki aliguswa. Changu yangu ya kwanza nzuri iliguswa saa mbili na robo, maji yanajaa, pima tano, kwa pweza, siku ya tatu baada ya mwezi nusu. Nikiwa hapa Umoja mwezi ukifika hapo tena nampigia mzee, naye huwa ameshaanza kutafuta pweza.