Kumleta mgeni darasani kwa simu ya video: laptopu moja, projekta moja

Nimetoka kumsaidia ticha mwenzangu wa jiografia, kidato cha tatu, alitaka mtaalamu wa volkano aliyeko Ujerumani aongee na watoto kuhusu Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa volkano wa kaskazini mwa Tanzania. Naandika tulivyofanya maana wengi wanahangaika na picha wakati kinachoua kipindi ni sauti. Picha ikiganda watoto wanavumilia, sauti ikikatika wanaanza stori zao.

1. Programu. Tumia Google Meet. Zoom ya bure inakata dakika 40 hata mkiwa wawili tu. Meet ya bure inakata dakika 60 mkiwa watatu na kuendelea, ila mkiwa wawili mnaweza kwenda hadi saa 24, na darasa zima kwenye laptopu moja linahesabika mtu mmoja.

2. Muda. Mwandikie mgeni 10:00 saa za Afrika Mashariki, usimwandikie saa nne. Ujerumani wako nyuma yetu saa moja kipindi chao cha joto, saa mbili kipindi cha baridi.

3. Intaneti. Hotspoti ya simu inatosha, weka bando la GB 2, simu ikae dirishani kwenye chaji. Mtandao ukiwa mzito, ingia setingi za video ushushe picha hadi 360p.

4. Sauti. Hapa usiwe na haraka. Ukichomeka waya wa HDMI, ule unaounganisha laptopu na projekta, Windows mara nyingi inahamishia sauti kwenye projekta, na projekta nyingi za shule hazina spika au zina kaspika ambako safu ya mbele tu ndiyo inasikia, kwa hiyo mtamwona mgeni anachezesha mdomo tu na mtadhani tatizo liko kwake. Bonyeza alama ya spika chini kulia karibu na saa, chagua spika ya laptopu, halafu rudi Meet, vidoti vitatu, setingi, sauti, hakikisha na huko imechaguliwa hiyo hiyo. Fanya BAADA ya kuchomeka projekta, ukifanya kabla inabadilika tena.

Kisha chomeka sabufa kwa waya kwenye tundu la hedifoni. Spika ya bluetooth mimi siitaki kabisa darasani, nyingi zina maiki ndani na laptopu ikiamua kuitumia hiyo maiki, sauti inashuka inakuwa kama simu ya kizamani. Sabufa itazame watoto, laptopu ikae mbali nayo, la sivyo mgeni anasikia maneno yake yanamrudia.

Na simu ya pili isijiunge ndani ya chumba hicho! Watu wanapenda kuizungusha kama maiki, matokeo yake maiki na spika zinasikilizana, mlio unapanda mpaka watoto wanaziba masikio, na hapo mmeshakuwa watatu, zile dakika 60 zinawahusu. Kama ni masika na paa ni bati tupu, omba chumba chenye dari.

5. Maswali. Mtoto aje mezani, asimame karibu na laptopu, aulize. Binti mmoja aliuliza kwa nini lava ya mlima ule inatiririka kama oili, mgeni akamsikia mara moja tu, akaeleza kwamba ni ya kaboneti yenye sodiamu na potasiamu nyingi na joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya lava ya kawaida.

Mtumie mgeni maswali WhatsApp siku moja kabla, mtandao ukigoma katikati anawajibu kwa voisi noti mnasikiliza kipindi kinachofuata.