Jinsi ya kuwafanya watu wa kazini kwako watoe mawazo mapya na yafanyiwe kazi kweli

Mwongozo huu ni wa supavaiza, matroni, mkuu wa kitengo, msimamizi wa karakana, meneja wa duka, yaani yeyote mwenye watu kuanzia watano hadi thelathini chini yake na anataka waanze kubuni vitu. Mi nafundisha kaizen, yaani njia ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogokidogo kila siku, kwenye hospitali na viwanda vidogo na kila ninapoenda naulizwa kitu kilekile, "watu wangu hawana ubunifu, nifanyeje?" Ubunifu wanao. Kinachowazuia ni jinsi kazi ilivyopangwa na jinsi wanavyojibiwa wakifungua mdomo, na hivyo vyote we bosi unaweza kuvibadilisha bila kusubiri bajeti.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko Fremont, California. General Motors walikuwa na kiwanda cha magari pale wakakifunga 1982, utoro ulikuwa umezidi, kuna siku mtu mmoja kati ya watano haji kazini, magari yanatoka na kasoro, wafanyakazi na menejimenti hawaivi kabisa. 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia wa GM na Toyota, kikaitwa NUMMI, na wengi walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani na chama chao kilekile cha wafanyakazi. Toyota wakapeleka mamia yao Japani kujifunza, wakawaweka kwenye timu ndogondogo, na kila mtu wa kwenye mstari wa kuunganishia magari akapewa kamba ya kuvuta akiona tatizo. Akivuta, kiongozi wa timu anakuja mbio kumsaidia, na tatizo lisipotatulika kwa wakati mstari unasimama. Zamani kusimamisha mstari ilikuwa mwiko. Ndani ya miaka michache ubora wa magari ya pale ukawa kati ya bora kabisa GM nzima, na watu ni walewale.

Na huku kwetu unaliona kila wiki kwenye vikoba. Dada ambaye ofisini hajawahi kuchangia kwenye kikao hata mara moja, nenda ukamwone kwenye kikoba chake, anauliza mahesabu, anapinga mkopo wa mtu ambaye hajamaliza deni, anapendekeza faini ibadilishwe. Kule ana hisa yake, kanuni anazijua maana alikuwepo zinatungwa, na akisema kitu kinajadiliwa hapohapo.

Sasa twende kwenye hatua, nitatumia mfano mmoja wa dirisha la dawa hospitalini, mgonjwa kaandikiwa dawa, kaenda kulipia, kaja dirishani anaambiwa dawa hiyo imeisha, anarudi kwa daktari, anarudi kwa keshia, foleni inazidi na watu wanagombana.

Hatua ya 1: Nenda kazi inapofanyika ukae kimya

Simama pale dirishani asubuhi nzima. Usiende na tai na kundi la watu nyuma yako, nenda na daftari, waambie ukweli kwamba umekuja kuangalia kazi inavyokwama na wala hujaja kumkagua mtu, halafu timiza hiyo ahadi, maana ukimkaripia mtu mmoja tu siku hiyo umeharibu kila kitu. Andika unachokiona, usiandike maoni yako. "Wagonjwa wamerudishwa kwa keshia" ni kitu umeona, "wahudumu wazembe" ni hukumu yako.

Hatua ya 2: Badilisha swali

Ukiuliza "nani ana wazo la kibunifu?" watu wanainamisha vichwa, na kusema kweli hata mimi ningeinamisha, swali kubwa mno hilo. Uliza vitu vidogo vya jana: nini kilikukwamisha jana? Ni kazi gani umeifanya mara mbili? Kitu gani mgonjwa amekulalamikia na ukakosa jibu? Hapo watu wanaongea, maana kero kila mtu anazo, na mawazo mengi mazuri niliyowahi kuona yalianza kama kero ya mtu wa chini kabisa.

Ustadi wenyewe hapa ni kusikiliza hadi mwisho. Mtu akimaliza, subiri kidogo kabla ya kujibu, mara nyingi sentensi ya pili ndo yenye mali. Kisha rudia alichosema kwa maneno yako umuulize "nimekuelewa sawa?"

Hatua ya 3: Panga nani anaanza kuongea

Hapa nakaa kidogo, maana ndo sehemu miongozo mingi ya nje haitusaidii. Wanakwambia "waambie watu wakupinge waziwazi", sasa we mwambie kijana wa intani ampinge hadharani mfamasia mkuu ambaye asubuhi kampa shikamoo. Hafanyi, na sio kwamba ni mwoga, amelelewa hivyo na malezi yenyewe ni mazuri. Usipigane na heshima, itumie.

Mambo matatu yanafanya kazi. La kwanza, mdogo kwa cheo anaanza kuongea, mkubwa anamaliza. Bosi akishasema "mi naona tufanye hivi" kikao kimekwisha, waliobaki wataunga mkono tu, lakini akiongea mwisho hakuna anayeonekana kumpinga maana bado hajasema. La pili, kabla ya kuongea kila mtu aandike kwenye karatasi, dakika tatu nne zinatosha, halafu mmoja azisome zote bila majina, hapo wazo linajadiliwa lenyewe na sio mtu. La tatu, wafundishe namna ya kupinga kwa adabu, na maneno tunayo tayari: "naomba kuchangia kidogo", "mzee naomba niulize, siku dawa zikichelewa kuja tutafanyaje?" Pingamizi likija kama swali mkubwa anaweza kulipokea bila kuaibika mbele za watu.

Na wewe mkubwa una kazi yako, mtu wa kwanza kukuuliza swali gumu mshukuru mbele ya wote. Watu wanaangalia hiyo mara ya kwanza kuliko hotuba zako zote.

Hatua ya 4: Linda habari mbaya

Amy Edmondson, mtafiti wa Harvard, miaka ya tisini alikuwa anaangalia makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali Marekani. Alitegemea timu zinazofanya kazi vizuri pamoja ziwe na makosa machache, takwimu zikaja kinyume, timu nzuri ndo zilikuwa na makosa mengi kwenye ripoti. Alipochimba akaona maelezo yake, kule watu walikuwa huru kuyasema, kwenye timu nyingine yalikuwa yanafichwa. Kwa hiyo ukiona kitengo chako hakina tatizo hata moja mwezi mzima, usisherehekee kwanza.

Mtu akikuletea kosa, swali la kwanza liwe "umefanya vizuri kuniambia, mgonjwa yuko salama?" halafu "kitu gani kilisababisha?" Swali la "nani kafanya?" linafunga mdomo wa kitengo kizima, kesho hutaletewa. Uzembe wa makusudi una taratibu zake na ushughulikiwe huko, usiuchanganye na kosa la mtu aliyekuwa anajitahidi.

Hatua ya 5: Uliza kwa nini mpaka ufike chini

Toyota wana utaratibu wa kuuliza kwa nini mara tano. Foleni ndefu, kwa nini? Wagonjwa wanarudishwa. Kwa nini? Wamelipia dawa ambayo haipo. Kwa nini? Daktari hakujua imeisha. Kwa nini? Taarifa ya stoo inabaki stoo. Kwa nini? Hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuipeleka. Hapo umefika, na angalia kwamba jibu limeishia kwenye utaratibu na sio kwa mtu. Likiishia kwenye jina la mtu endelea kuuliza.

Hatua ya 6: Jaribu kidogo, haraka

Mhudumu wa dirishani anasema, "kila asubuhi niandike dawa zilizoisha, karatasi moja kwa daktari na moja kwa keshia." Usiunde kamati. Mwambie aanze kesho na chumba kimoja cha daktari kwa wiki moja, na kabla hamjaanza kubalianeni mtapima nini, hapa ni idadi ya wagonjwa wanaorudishwa dirishani kwa siku, hesabu ya kuchora vistari kwenye daftari inatosha. Panga, fanya, kagua, rekebisha, ndo mzunguko wote.

Likifeli kaeni tena mjue limefeli wapi, labda karatasi ilichelewa, labda daktari hakuisoma. Aliyetoa wazo awe wa kwanza kupewa nafasi ya kulirekebisha.

Hatua ya 7: Jibu kila wazo, na taja jina la mwenyewe

Sanduku la maoni lenye kufuli lililojaa vumbi nimelikuta sehemu nyingi sana, na watu wanakwambia tuliandika tukachoka. Weka ubao ukutani, wazo, jina la aliyelitoa, limefikia wapi, na kila wazo lijibiwe ndani ya wiki hata kama jibu ni hapana, na hapana iwe na sababu. Hapana yenye sababu watu wanaipokea vizuri tu, ukimya ndo unawaumiza. Na kwenye ripoti ya kwenda juu jina la mhudumu lionekane, kumchukulia mtu wazo lake ni wizi na kitengo kizima kitajua.

Kuhusu zawadi, mi sishauri pesa nyingi kwa mtu mmoja, watu wanaanza kufichana mawazo. Mpe muda wa kulifanyia kazi na hela kidogo ya vifaa.

Hatua ya 8: Angalia watu wanaotumia kitu chako tofauti na ulivyopanga

M-Pesa ilijaribiwa Kenya kuanzia 2005 na lengo lilikuwa watu wa mikopo midogo walipe marejesho kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe. Timu ingeweza kusema hawa wanatumia vibaya, tuwaelimishe, badala yake wakafuata kile watu wanachokitaka, na Machi 2007 Safaricom wakaizindua kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Kwa hiyo ukikuta wahudumu wamebuni njia yao ya mkato, kabla ya kuikataza uliza inawatatulia nini.

Hatua ya 9: Likifanya kazi, lifanye liwe utaratibu

Hospitali zetu zinazofuata 5S, yaani hatua tano za kupanga sehemu ya kazi, sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia, zinajua kwamba hizo mbili za mwisho ndo ngumu. Karatasi ya dawa zilizoisha ikionekana inapunguza usumbufu, iandike kwenye mwongozo wa kitengo, taja nani anaiandaa, saa ngapi, na akiwa likizo nani anashika. Mfanyakazi mpya afundishwe na yule aliyebuni. Mkuu akihamishwa, na huku watu wanahamishwa sana, makabidhiano yawe na ubao wa mawazo pia, ili anayekuja aanze pale wenzake walipofikia na wiki yake ya kwanza aende akasimame pale dirishani kama hatua ya 1 inavyosema.