Kunde, kofia na dadu: jinsi ya kuonyesha evolusheni barazani

Wanafunzi wangu wa tuisheni hapa Lamu, wa fomu foo, walikuwa wanakariri evolusheni, yaani viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi, kama shairi, ukiwauliza swali la pembeni kidogo wote kimya. Siku hizi baada ya alasiri twakaa barazani na kunde, na mfano ni sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, manake huku pwani malaria si mgeni.

1. Tafuta kunde 100, nyeupe 90 nyekundu 10, ziwe saizi moja. Mimi mara ya kwanza nilitumia maharagwe na choroko, kumbe vijana wanapapasa na kuchagua wanayoitaka, mchezo ukaharibika. Tia ndani ya kofia. Nyeupe ni jeni ya kawaida ya hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, nyekundu ni ya sikoseli, tofauti yake ni herufi moja tu ya DNA, yale maandishi ya urithi.

2. Chomoa mbili mbili bila kuchungulia. Kila jozi ni mtoto, moja katoa mama moja katoa baba.

3. Sasa malaria. Jozi ya nyeupe tupu irushie dadu ya ludo, ikija sita basi, imemchukua. Mchanganyiko usimrushie, yeye malaria aweza kuugua ila ile kali mara nyingi inampita, na hili daktari Anthony Allison alilionyesha huku huku Afrika Mashariki mwaka 1954. Nyekundu mbili ni sikoseli yenyewe, weka kando, yaani kafa kabla ya kuzaa. Waambie hiyo ni hali ya zamani kabla ya matibabu, na chunga ulimi, pengine hapo barazani kuna mtu ana ndugu mgonjwa.

4. Hesabu zilizobaki. Tuseme zilikuwa jozi 40 za nyeupe na 10 za mchanganyiko, dadu ikala 7, umebaki na nyeupe 76 na nyekundu 10. Jaza mpaka 100 kwa uwiano huohuo: nyekundu sasa ni 12. Hicho ni kizazi kimoja.

5. Rudia, rudia tena. Nyekundu zitapanda halafu zisimame kwenye 14 hivi, kundi hili 12 lile 16, dadu ni dadu. Hazipandi zaidi kwa sababu zikiwa nyingi zaanza kukutana zenyewe kwa zenyewe na kutolewa.

6. Anza upya na 10, dadu itie mfukoni, yaani wamehamia kusiko na malaria, ila nyekundu mbili bado weka kando. Wengi hudhani nyekundu zitaisha mara moja, wapi! Zinajificha ndani ya mchanganyiko, kutoka 10 kufika 5 ni vizazi kama 10.

7. Mwisho weka nyeupe tupu. Rusha dadu mpaka alfajiri, kofia itabaki vilevile, watoto wanakufa tu na hakuna kinachobadilika, manake uteuzi wa asili, yaani huku kufa na kubaki, wachagua kilichopo, hauumbi kipya. Hapo lazima mmoja aulize, sasa mwalimu hiyo nyekundu ya kwanza ilitoka wapi? Mimi simjibu, nampa kofia na kunde moja nyekundu, atie mwenyewe wenzake wakiangalia kando.