Nairobi mpaka New York: piga hesabu ya masaa mwenyewe kabla hujamwambia mtu aje kukupokea

Watu wengi wakishapata tiketi wanaangalia saa ya kuondoka na saa ya kufika, wanatoa moja kwa nyingine alafu wanasema safari ni masaa nane. Hapana jamani, hizo saa ni za miji miwili tofauti!

Anza na umbali. Ramani ya ukutani itakupoteza, tafuta lile tufe la shuleni, bana uzi kwa kidole pale Nairobi uuvute mpaka New York ukaze kabisa. Utaona uzi hauendi magharibi moja kwa moja kupitia Kongo, unapanda Sudan Kusini, unakata Sahara, unatokea Moroko ndio unaingia Atlantiki. Sasa huo uzi ulaze kwenye mstari wa ikweta uhesabu digrii, utapata kama 106, na kila digrii hapo ni kilomita 111, zidisha, ni kama kilomita 11,800. Mi nilifanya hivo na mtoto wangu mezani, alifurahi sana.

Masaa sasa. Kenya Airways walianza kwenda huko bila kutua popote Oktoba 2018 na Dreamliner, na ndege kama hio huko juu inakata kilomita 900 hivi kwa saa. Gawanya, unapata masaa 13. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua, alafu kuna upepo mkali wa juu unaotoka magharibi, kwenda unakuja nao uso kwa uso ndio maana inafika kama masaa 15, kurudi unakusukuma mgongoni inakua kama 14. Ukipitia Dubai ni kama kilomita 3,550 kwanza alafu 11,000 zingine, yaani unaongeza karibu 3,000 nzima na bado hujahesabu masaa ya kukaa pale ukisubiri ndege ya pili, kwa hivo bei ikiwa rahisi jiulize kama mwili wako utakubali.

Hapa kwenye saa ndio pa kua makini. Nairobi iko mbele ya New York masaa 7 wakati wa kiangazi chao, na 8 kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba mpaka Jumapili ya pili ya Machi. Tuseme unaondoka 23:00, saa tano usiku, mwezi wa saba. Ongeza 15, Nairobi itakua saa nane mchana kesho yake, toa 7, New York ni saa moja asubuhi. Mwezi wa kwanza ungetoa 8, ungefika saa kumi na mbili asubuhi.

Na tafadhali, ndege za baada ya saa sita usiku! Shangazi yangu tiketi yake iliandikwa tarehe 12 saa 00:35, akaenda uwanjani jioni ya tarehe 12 na masanduku yake yamefungwa vizuri, kumbe ndege ilishaondoka usiku wa kuamkia hio siku. Alilia pale mlangoni, na tiketi nyingine alinunua kwa pesa yake. 00:35 ya tarehe 12 maana yake uko uwanjani tarehe 11 saa tatu usiku.

Ukimtumia mtu ujumbe wa kukupokea mwandikie tarehe na saa ya huko kwake, sio ya Nairobi, na uandike "asubuhi" au "usiku" kwa maneno, alafu mwambie aongeze saa moja au mbili za foleni ya pasipoti.